Athari za Usanifu wa Utoro wa Maji wenye Ngazi katika Kupunguza Nishati ya Maji

Utoro wa maji ni njia inayopitisha maji ya ziada ili yasifurike juu ya ukuta wa bwawa. Maji yanapoteremka, nishati tuli hugeuka kuwa nishati mwendo. Katika mteremko wa mita 50 usio na msuguano, kasi hufikia takriban mita 31 kwa sekunde. Nishati hiyo isipopunguzwa, huchimba ardhi iliyo mbele ya msingi na kuhatarisha bwawa lenyewe. Ngazi huipunguza njiani, kabla maji hayajafika chini. Zege la kushindiliwa, ambalo hujengwa kwa matabaka, limerahisisha ujenzi wa ngazi hizo, kama ilivyo katika bwawa la Upper Stillwater, jimbo la Utah, Marekani, lililokamilika mwaka 1987.

Namna nishati inavyopungua hutegemea uwiano kati ya wingi wa maji na kimo cha ngazi. Mtiririko ukiwa mdogo, maji huanguka kutoka ngazi moja hadi nyingine na kupoteza nishati katika kila anguko. Ukiwa mkubwa, maji huzifunika ngazi na kuteleza juu ya ncha zake, huku maji yanayozunguka katika pembe za ngazi yakichota nishati ya mkondo mkuu kwa msukosuko. Baina ya hali hizo mbili ipo hali ya kati isiyotulia, ambayo wasanifu huiepuka.

Tofauti hiyo huonekana katika hesabu ya kielelezo ya utoro wenye kimo cha mita 50, ambao kila ngazi yake ina kimo cha mita 1 na upana wa mita 0.8. Mtiririko wa mita za ujazo 0.5 kwa sekunde katika kila mita ya upana wa utoro huanguka ngazi kwa ngazi. Ule wa mita za ujazo 5 au 20 huteleza. Kigezo cha msuguano kikiwa 0.2, na ikichukuliwa kuwa maji yamefikia kasi isiyobadilika, mtiririko wa 5 hupoteza takriban asilimia 87 ya nishati yake, na ule wa 20 asilimia 68.

Asilimia hizo zikisomwa peke yake, tofauti huonekana ndogo. Hata hivyo, nguvu inayobaki kwenye kitako cha utoro ni takriban kilowati 340 kwa kila mita ya upana katika hali ya kwanza, na kilowati 3,500 katika hali ya pili. Mtiririko umeongezeka mara nne, lakini nguvu inayobaki imeongezeka mara kumi. Aidha, kwa mtiririko wa 20, kimo cha mita 50 huenda kisitoshe kuyafikisha maji kwenye kasi isiyobadilika. Hivyo upotevu halisi wa nishati huenda ukatofautiana na uliokadiriwa.

Mtiririko mkubwa pia husogeza chini mahali ambapo hewa huanza kuchanganyika na maji. Hewa hiyo huikinga zege dhidi ya mmomonyoko unaosababishwa na kupasuka kwa mapovu ya mvuke. Kwa hiyo sehemu ya utoro isiyo na kinga hurefuka wakati wa mafuriko makubwa.

Kwa hiyo, ngazi husaidia kwa kiwango kidogo zaidi wakati msaada wake unapohitajika zaidi. Kidimbwi cha kutulizia maji kinapaswa kukadiriwa kwa nguvu inayobaki katika mafuriko makubwa kabisa ya usanifu, wala si kwa asilimia iliyopatikana katika mtiririko wa kawaida. Pale eneo linaporuhusu, kupanua utoro ni njia yenye manufaa: kwa mafuriko yaleyale, upana ukiongezwa maradufu, nguvu inayobaki kwa kila mita hushuka hadi chini ya theluthi moja.