MWENYE DUKA NAYE ANA UJIRA WAKE



Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Miongoni mwa jamaa zetu hapa Uingereza wako wengi wenye maduka ya vyakula, meza za nguo sokoni, au kazi ya kupikia maharusi. Duka hufunguliwa alfajiri na kufungwa usiku, wateja hawakosekani, na hata hivyo ukimwuliza mwenyewe hulipwa kiasi gani kwa mwezi, hana jibu. Akihitaji nauli, huchukua katika droo. Ikija simu ya mgonjwa kutoka Tanga au Lamu, huchukua tena. Hajui kama amekula faida au amekula mtaji, mpaka siku ya kumlipa muuzaji wa jumla.

Kujiwekea ujira si uchoyo. Sayyidna Abubakar (R.A.) alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Aliposhika ukhalifa mwaka wa 11 Hijria (632), wapokezi wasimulia kuwa alitoka kwenda sokoni kama desturi yake, ndipo Masahaba wakamkadiria posho kutoka Baitul-Mali. Posho ile ilikuwa na kiwango maalumu. Hakuwa akichota apendavyo.

Tuchukue mfano wa mtu wa England anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe, asiye na pato jingine. Mauzo ya mwezi ni pauni 6,000. Bidhaa zimegharimu 3,000. Kodi ya pango, umeme na petroli 1,200. Faida ni pauni 1,800, yaani 21,600 kwa mwaka. Serikali hutoza faida hiyo yote, iwe ameitia mfukoni au ameiacha dukani, kwani anachojilipa hakihesabiwi kuwa gharama. Kwa viwango vya mwaka wa kodi 2025/26, pauni 12,570 za kwanza hazitozwi. Zilizobaki 9,030 hutozwa asilimia 20 ya kodi ya mapato na asilimia 6 ya bima ya taifa. Jumla ni pauni 2,347 na senti kadhaa.

Basi kila mwezi na aweke pauni 200 kwa ajili ya kodi, 300 kwa dharura na kukuza duka, na ajilipe 1,300 kwa tarehe moja isiyobadilika. Nauli, karo ya madrasa na fedha za kupeleka nyumbani zitoke katika hizo 1,300. Mwezi wa mauzo haba, akiba ya dharura ndiyo itakayojaza pengo. Fedha za duka na za nyumbani zikae katika akaunti mbili, na mke anayesaidia dukani aafikiwe malipo yake waziwazi.

Aliyesajili kampuni azidi kujihadhari: fedha za kampuni si zake, naye huzipata kwa mshahara, gawio au mkopo ulioandikwa.

Daftari hilo hilo litamfaa wakati wa zaka. Mwaka ukitimia na nisabu ikifika, bidhaa za kuuzwa hukadiriwa kwa bei ya siku ile, zikajumlishwa na fedha taslimu, ikatolewa asilimia 2.5. Rafu, mizani na gari la kazi hazimo.

Mwenye kujua haki yake dukani hujua pia haki ya mkewe, ya wazazi wake na ya maskini. Mwenyezi Mungu atubarikie riziki za halali. Amin.