Vipele vya Ndevu Havitaki Spiriti

Mwanamume akitokwa na vipele kidevuni siku mbili baada ya kunyolewa, lawama ya kwanza humwangukia kinyozi: wembe wake ni mchafu, au aliibania spiriti. Safari ijayo mteja atadai apakwe nyingi zaidi, na atauvumilia mchomo wake akiamini ndivyo dawa inavyofanya kazi. Lakini kwa vipele vilivyo vingi kati ya hivyo, spiriti haina cha kuua. Havikuletwa na mdudu; vimeletwa na unywele wa mteja mwenyewe, na mara nyingi wembe uliohusika ulikuwa mpya, mkali, na mkononi mwa fundi hodari.

Nywele za kipilipili hazisimami wima ndani ya ngozi. Hata kifuko kinachouotesha unywele kimepinda, kwa hiyo unywele hutokeza ukiwa tayari umelala, kisha huendelea kujikunja. Ukiachwa ukue, haumdhuru mtu. Ukikatwa kwa wembe, hubaki na ncha ya mshazari, kali kama sindano. Ndevu hukua kiasi cha theluthi moja ya milimita kwa siku, hivyo baada ya siku chache ncha ile imeshapinda na kurudi kuichoma ngozi, milimita moja au mbili tu kutoka pale ilipotokea.

Njia ya pili haionekani kwa macho. Kinyozi huivuta ngozi ikakaza, unywele ukainuka, naye akaukata pale pale. Anapoiachia ngozi, kisiki cha unywele huzama chini ya uso wake. Ndiyo maana shavu huteleza vizuri jioni ile. Kisiki kikianza kukua upya, badala ya kupanda hadi kwenye tundu lake, hutoboa ukuta wa kifuko na kuingia nyamani. Kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, mwili huupokea unywele kama kitu kigeni: panavimba, panawasha, na pengine panatunga usaha hata pasipo bakteria. Strauss na Kligman, madaktari wa Marekani, walilieleza jambo hili mwaka 1956 na kulitenga na maambukizi ya kawaida ya ndevu.

Miaka ya 1970 lilizua mgogoro katika jeshi la nchi hiyo. Kanuni ilitaka askari anyoe kidevu kila siku, askari weusi wengi wakaharibika nyuso, na madaktari wa jeshi wakawa wanawaandikia vyeti vya kuwaruhusu kuacha ndevu fupi. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba badiliko dogo katika jeni ya aina moja ya keratini, protini inayopatikana kwenye kifuko cha unywele, huongeza uwezekano wa mtu kupata vipele hivi. Basi usishangae ndugu wawili wakinyolewa kiti kimoja na fundi mmoja, mmoja akaamka salama na mwingine akaamka ana shingo ya kujikuna.

Upo mwasho mwingine usiofaa kuchanganywa na huu. Ule wa moto unaoanza dakika chache baada ya kunyoa na kutulia baada ya saa kadhaa au siku moja mbili ni mchubuko: wembe umekwangua tabaka la juu la ngozi pamoja na ndevu. Huletwa na kunyoa pakavu, wembe butu, mkono mzito, au kurudia mahali pamoja. Spiriti juu ya ngozi iliyokwanguliwa huizidishia ukavu. Maji ya baridi na mafuta mepesi yasiyo na manukato yanatosha.

Nikirudi kwa vipele vyenyewe: tatizo kubwa, kwa maoni yangu, linaanzia katika sentensi moja ya mteja, “Pitisha tena, bado inakwaruza.” Kinyozi naye anataka kusifiwa, anavuta ngozi na kupandisha wembe kinyume na uelekeo wa ndevu. Kwa haki, wembe mmoja wa kinyozi, wenye mpini wa kukunja, una nafuu kuliko viwembe vya plastiki vyenye makali matatu hadi matano, ambavyo makali ya kwanza huvuta unywele na ya pili kuukata chini zaidi. Nafuu hiyo hupotea mara tu ngozi inapovutwa. Asiyeweza kuacha wembe alainishe ndevu kwa maji ya vuguvugu na povu kwa dakika mbili tatu, wembe ulazwe kiasi cha nyuzi 30, ufuate zinakolala ndevu, na upite mara moja.

Mwenye vipele tayari hana budi kupumzika wembe kwa wiki tatu hadi nne. Siku za mwanzo hali inaweza kuzidi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Nywele zikirefuka, nyingi hujichomoa zenyewe. Unaouona umejikunja waweza kuuinua kwa sindano safi iliyochemshwa, lakini usiung’oe, maana utakaoota badala yake unaweza kutoboa tena ukiwa bado ndani. Baada ya hapo ni mashine, isiyogandamizwa, iache walau milimita moja.

Kudai wembe mpya kwa kila mteja bado ni haki yako, ila kwa sababu nyingine. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na kuupangusa wembe uliotumika kwa pamba yenye spiriti si ulinzi wa kutegemea.

Madoa meusi yanayobaki hufifia kwa miezi, mradi vipele visirudi. Wasio na subira hukimbilia duka la dawa na kutoka na tyubu ya mchanganyiko: steroidi kali, dawa ya fangasi na antibiotiki humo humo. Uvimbe hunywea upesi, sifa zikaenea mtaani, na wiki zikigeuka miezi ngozi ya uso hukonda na kuota chunusi mpya. Haidrokotisoni ya asilimia 1, kwa siku chache, ni kitu tofauti.

Kisogoni mambo huwa mazito zaidi. Wanaonyolewa kisogo kwa karibu mno huweza kuota vinundu vigumu vinavyoishia kuwa kovu nene lisiloota nywele. Hao waache wembe hapo kabisa, na wamwone daktari wa ngozi vinundu vikiwa bado vidogo, wakati dawa ya kupaka au sindano inaweza kuvituliza. Vikishaungana kuwa bonge, mara nyingi hubidi upasuaji.