Kauli za Wazee wa Tarbaj

Msomi atakaye kuandika habari za Tarbaj, kaunti ya Wajir, hakosi karatasi. Ripoti za kila mwaka za madisii wa Kiingereza zimehifadhiwa Nairobi, na nakala zake za mikrofilamu ziko Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Lakini hiyo ni kauli ya mtawala. Kauli ya wafugaji imo vifuani mwa wazee, katika mashairi na nasaba. Kisomali chenyewe kilipata hati rasmi mwaka 1972 tu, tena Mogadishu. Watu wa pwani twaijua hasara hii: tenzi ngapi tumezizika pamoja na wenyewe! Basi anaswaye sauti za wazee hao aache nakala Wajir, wajukuu wasije wakaomba viza kwenda kumsikiliza babu yao.