Wivu wa Maendeleo Katika Imani (Sehemu ya Tatu): Alikuwapo Kabla Yetu

Siku tulipohamia kwenye ploti yetu, nje kidogo ya mji wa Kitengela ukielekea Isinya, nilimwalika mchungaji aje kuibariki nyumba. Mzee wa Kimaasai aliyetuuzia ardhi alikuja pia. Sikuwa nimemwalika, alisikia tu kwamba mwalimu anahamia. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu. Alikemea pepo za mahali pale, akavunja madhabahu za kale, akamsihi Mungu ashuke juu ya ardhi ambayo, kwa maneno yake, jina Lake halijapata kutajwa. Kila alipotua kuvuta pumzi, mzee yule, rungu lake likiwa limelazwa miguuni, aliitikia kwa sauti ya chini: “Naai.”

Sala ilipokwisha, mzee alinigeukia. “Mwalimu, na mimi niombe?”

Aliinama, akang'oa nyasi kando ya ua, akazishika mkononi na kuanza. Alituombea watoto, mifugo, mvua na uzee mrefu, akienda kwa sentensi fupi fupi na kutuachia nafasi ya kuitikia, ingawa hakuna aliyejua la kuitikia. Kisha akawasogelea watoto wangu, akawatemea mate mepesi kifuani. Binti yangu mdogo alikimbilia nyuma ya mama yake. Mimi nilitabasamu tabasamu la mtu anayengoja jambo liishe. Ilipita miaka kadhaa kabla sijaelewa kwamba mate yale ni baraka, na kwamba mzee hufanya hivyo kwa mtoto anayemtakia mema.

“Naai” ndilo itikio la Wamaasai katika sala, kama sisi tunavyosema “Amina”. Lakini Amina ni neno la kukubali, na Naai ni kumwita Mungu mwenyewe, Enkai. Kwa hiyo katika kila pumziko la sala iliyodai kwamba jina la Mungu halijatajwa pale, palikuwa na mtu akilitaja.

Katika sehemu mbili zilizotangulia nilizungumzia jinsi ya kuishi kwa amani na majirani wa dini nyingine. Leo nataka kwenda mbele ya hapo, maana kuvumiliana ni jambo dogo. Unaweza kumvumilia mtu maisha yako yote bila kujifunza chochote kwake. Ninalotaka kulizungumzia ni kuvutiwa: kuona kitu katika ibada ya mwenzako na kusema moyoni, laiti nasi tungekuwa nacho.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Tuna kijicho na husuda, wivu wa kutaka mwenzako apokonywe alicho nacho. Tuna ghera, hamu inayokuamsha ufanye kama afanyavyo yeye. Na mitaani watu wamebuni usemi wao, “wivu wa maendeleo”. Wanazuoni wa Kiislamu walikwisha kutenganisha hasadi, wivu wa kuharibu, na ghibta, wivu wa kutamani mema, tangu kale, na imo hadithi mashuhuri ya Mtume inayoruhusu kuwaonea wivu watu wawili tu: aliyepewa mali akaitumia katika haki, na aliyepewa hekima akahukumu kwayo na kuifundisha. Mwaka 1985, Krister Stendahl, askofu wa Kilutheri wa Stockholm, alilitetea jambo hilohilo pale watu walipopinga ujenzi wa hekalu la Wamormoni karibu na mji wake. Aliwapa kanuni tatu. Ukitaka kuijua dini, waulize waumini wake, usiwaulize maadui wao. Usilinganishe mazuri yenu na mabaya yao. Na uache nafasi moyoni ya kuionea dini yao wivu mtakatifu.

Nianze na Wamaasai, kwa sababu hapa Kajiado wao ndio wenyeji, na ndio tunaowasahau kwanza. Sisi wengine tulikuja juzi. Kitengela ilikuwa malisho, wanyama wakitoka na kuingia Mbuga ya Nairobi. Ranchi ya pamoja ikagawanywa, viwanda vya EPZ vikaanza Athi River, ploti zikauzwa nusu ekari kwa nusu ekari. Kaunti nzima ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312 katika sensa ya 2009. Ile ya 2019 ilihesabu 1,117,840. Tulikuja na makanisa yetu, misikiti yetu na vipaza sauti vyetu, na wengi wetu tulidhani tunamleta Mungu mahali ambapo hakuwapo. Mila ya Wamaasai tukaiweka kwenye fungu la shuka nyekundu, shanga na watalii.

Hebu litazame jina lenyewe. Enkai ni Mungu, na neno hilohilo ni mbingu, tena ni mvua. Kiambishi chake cha mwanzo ni cha jinsi ya kike. Sisi tuliolelewa na “Baba yetu” tungeweza kukaa hapo kwa siku nzima. Humwita Enkai Narok, Mungu Mweusi, mweusi kama wingu lililobeba mvua, mwenye rehema. Na Enkai Nanyokie, Mungu Mwekundu, wa hasira na ukame. Ni Mungu mmoja. Kwa mchungaji wetu, weusi ni rangi ya shetani. Huku ndiyo rangi ya neema, na aliyeishi Kajiado katika misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana, mpaka mvua za 2023, akiona mizoga ya ng'ombe kando ya barabara ya Namanga, haulizi kwa nini.

Mama wa boma akikamua alfajiri huanza kwa kunyunyiza maziwa kuelekea mbinguni kabla ya mtoto yeyote kunywa. Mti wa oreteti, mtini mkubwa wenye mizizi inayoning'inia, haukatwi. Chini yake watu huomba mvua na uzazi. Ninachokionea wivu hapa ni kwamba sala haina jengo. Kwetu sala ni mahali pa kwenda, ratiba na mahubiri. Kwa mama yule iko kwenye kibuyu.

Tena kuna nyasi. Kwa watu wa ng'ombe nyasi ni uhai, kwa hiyo anayekunyooshea konzi ya nyasi anakuomba amani, na ukizipokea umefungwa. Padri Vincent Donovan, Mmarekani wa shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi miongoni mwa Wamaasai wa Loliondo, Tanzania, miaka ya 1960, aliliona hilo akalipokea. Ameeleza katika kitabu chake cha 1978, Christianity Rediscovered, jinsi nyasi zilivyopitishwa mkono kwa mkono kijiji kizima kabla ya Misa. Mtu mmoja akikataa kuzipokea kwa jirani yake, Misa haikuadhimishwa siku hiyo. Nilipoisoma sehemu hiyo niliifikiria Jumapili yetu, tunavyoambiwa tupeane mkono wa amani, tukapeana na aliyekaa karibu, na yule tuliyekosana naye juu ya mpaka wa ploti amekaa safu ya nne nyuma na hatugeuki. Hakuna kinachosimama. Sadaka inapita vilevile.

Najua atakayeuliza: mbona husemi lolote juu ya ukeketaji? Nasema. Ni ukatili, sheria ya mwaka 2011 inaukataza, na shule ya wasichana ya kanisa la AIC mjini Kajiado imewapokea wasichana wengi waliotoroka nyumbani kuukwepa na kukwepa ndoa za utotoni. Huwezi kumpenda jirani ukayafumba macho yako mbele ya jeraha la binti yake. Lakini hapa ndipo kanuni ya pili ya Stendahl inapouma. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakamwone Yesu. Ungependa dini yako ipimwe kwa Shakahola? Waislamu wa Kenya nao wamepimwa kwa watu 148 waliouawa Chuo Kikuu cha Garissa mwezi Aprili 2015, ilhali Desemba mwaka uleule, karibu na El Wak kule Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengana na Wakristo basi lao liliposhambuliwa, na wanawake wakawafunika wenzao kwa mitandio yao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafariki Januari 2016. Anayetaka kuujua Uislamu aanze na Salah Farah.

Mimi nina bahati ya kuanza na jirani yangu, fundi wa magari, ambaye gereji yake inapakana na ua wangu. Kitengela maji ni shida ya kila siku. Ya kisima yana chumvi, ya lori ni ghali, na kila nyumba inahesabu mitungi yake. Jirani huyu ana birika ya plastiki yenye maji ya nusu lita au zaidi kidogo. Adhuhuri inapofika huacha spana juu ya bati la injini, hata mteja awe anangoja na kunung'unika, na huchuchumaa ukutani. Viganja, kinywa, pua, uso, mikono hadi viwiko, kichwa na masikio, kisha miguu. Grisi haitoki yote, ila anakwenda kwa utaratibu uleule, bila haraka, na birika hubaki na maji kidogo. Nilimwuliza kama kwa ukame huu haruhusiwi kuruka. Akaniambia maji yakikosekana kabisa kuna tayamamu, udongo safi unatosha. Na maji yakiwapo machache, Mtume mwenyewe alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu, kiasi cha kujaza viganja viwili vya mtu.

Sala yangu mimi hupata muda uliobaki. Nikimaliza kusahihisha, nikimaliza habari za saa tatu, ikiwa usingizi haujanishinda. Ya jirani ndiyo inayoipanga siku, na kazi ndiyo inayopata muda uliobaki. Sijawahi kutamani kuwa Mwislamu. Nimetamani mara nyingi kusali kama yeye, na tangu mwaka juzi naacha kalamu mezani adhana ya adhuhuri inaposikika, nasimama dirishani, nasema Zaburi ninayoikumbuka. Yeye hajui kwamba adhana yake inaita watu wawili.

Wivu wangu wa tatu niliuokota njiani. Ukitoka Athi River ukashika Barabara ya Mombasa, ukaipita Sultan Hamud na Emali, unafika Makindu. Pale Masingasinga waliokuwa wakifanya kazi ya reli walijenga hekalu lao mwaka 1926. Dereva wa lori aliyechoka, familia inayokwenda mazikoni, mwanafunzi asiye na nauli, wote huvua viatu, hufunika kichwa, huingia. Wanapewa chapati, dengu na chai, na mwenye kuhitaji hupewa chumba cha kulala. Hakuna bei. Mila hiyo ya langar, jiko la wote, ilianza na Guru Nanak kule Punjab zaidi ya miaka 500 iliyopita, katika jamii ambayo watu wa matabaka tofauti hawakula pamoja. Kuketi safu moja chini na kula chakula kimoja kulikuwa tayari ni mahubiri. Niliwahi kula hapo nikingoja mahubiri yenyewe, maana sisi hatumpi mtu chakula bila kumpa trakti. Hayakuja. Kijana aliyekuwa akigawa aliuliza tu kama naongezewa chapati.

Woga wa wasomaji wengi ninaujua: ukianza kusifu ya wenzako, utaishia kuyaacha ya kwako. Lakini angalia waasisi wenyewe. Yesu alistaajabia imani ya akida wa Kirumi kule Kapernaumu, akasema hajaiona kama hiyo katika Israeli. Mtume Muhammad, wafuasi wake walipoteswa Makka yapata mwaka 615, aliwatuma wavuke bahari kwa mfalme Mkristo wa Habasha, kwa sababu alijulikana kuwa ni mwadilifu. Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Imani, dhambi, toba, rehema, sadaka, malaika, Injili, hata neno “kanisa” na “msalaba”, yote yametoka Kiarabu. Wamisionari walipoanza kutafsiri Biblia hapa pwani, walikuta Waislamu wamekwisha kuyaandaa maneno. Mkristo wa Kitengela anayesema hana cha kujifunza kwa Mwislamu, analisema hilo akiwa amesimama ndani ya maneno aliyoazimwa naye.

Mwaka juzi kijana wangu alijenga nyumba yake kwenye pembe ya ploti ileile. Kabla sijampigia mchungaji simu, nilikwenda bomani kwa mzee. Macho yake sasa hayaoni vizuri. Alinitambua kwa sauti. Nikamwinamishia kichwa, akanigusa utosini, nikamweleza nilichokijia.

“Mchungaji atakuja?” akauliza.

Nikamwambia atakuja.

“Basi yeye aombe kwanza,” akasema. “Yeye ndiye mgeni.”