HESABU YA NONDO KABLA YA KUMWAGA ZEGE

Askari atumikaye mbali na kwao huweka akiba miaka mingi ili siku ya kustaafu awe na nyumba yake. Naye akiwa kambini au zamuni, mara nyingi mama wa nyumbani ndiye asimamiaye mafundi. Ukuta uliopinda huonekana, nao waweza kubomolewa. Lakini slabu, yaani bamba la zege lililo juu ya vichwa vya watoto, likisha kumwagwa halifunuliki tena. Nondo zilizopunguzwa humo hazijulikani mpaka siku ya msiba. Kwa hiyo yafaa kila jamaa ajue kuzihesabu.

Kwanza tujue kazi ya chuma. Zege lina nguvu nyingi likibanwa, lakini likivutwa hupasuka upesi. Chuma hustahimili kuvutwa. Joseph Monier, mtunza bustani wa Kifaransa, alitia wavu wa chuma ndani ya vyungu vya saruji, na ubunifu wake ukasajiliwa mwaka 1867. Slabu iliyolala juu ya kuta hupinda kidogo kwa uzito: upande wa juu hubanwa, wa chini huvutwa. Basi nondo kuu hukaa chini, nazo huelekezwa upande mfupi wa chumba.

Tuchukue slabu yenye upana wa mita 3, urefu wa mita 4 na unene wa milimita 150. Tuseme mchoro wa mhandisi wataka nondo kuu za milimita 12 kwa nafasi ya milimita 200, na nondo za kugawa uzito za milimita 10 kwa nafasi ya milimita 250. Kila ukingo uachiwe milimita 25 za zege, ili chuma kisishikwe na kutu.

Nondo kuu hupangwa kufuata urefu. Katika milimita 4,000 toa 50, zabaki 3,950. Gawanya kwa 200, upate 19.75, hesabu nafasi 20. Ongeza moja, kwa kuwa nafasi 20 zina nondo 21. Kila nondo ni mita 2.95.

Nondo za kugawa uzito hupangwa kufuata upana. Milimita 2,950 ukigawanya kwa 250 ni 11.8, nafasi 12, nondo 13. Kila moja ni mita 3.95.

Sasa twende dukani. Nondo ya mita 12 hutoa vipande vinne vya mita 2.95, hivyo nondo 6 zatosha vipande 21. Kwa zile za milimita 10, kila nondo hutoa vipande vitatu, basi nunua 5. Lakini pima kabla ya kulipa! Nondo ikiwa na mita 11.6 tu, zile kuu zitatoa vipande vitatu badala ya vinne, nawe utahitaji 7.

Unene nao hupimwa kwa mizani. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha gawanya kwa 162. Utapata kilo za kila mita. Nondo ya milimita 12 ni kilo 0.89 kwa mita, ya milimita 10 ni kilo 0.62. Nondo ya mita 12 iitwayo ya milimita 12 ikiwa na kilo 8 badala ya 10 na zaidi, hiyo ni nyembamba.

Siku ya kumwaga, hesabu tena. Fundi akiweka nafasi ya milimita 300, nondo kuu zitakuwa 15, na 6 zimepotea. Hakikisha pia nondo zimeinuliwa kwa vijiwe vya zege vya milimita 25, wala hazikulala juu ya mbao. Kwa kibaraza kinachoning'inia nje ya ukuta, mambo hugeuka: huvutwa upande wa juu, na nondo kuu hukaa juu. Zikiwekwa chini, kibaraza chaweza kuanguka.

Ukubwa wa nondo na nafasi zake ni kazi ya mhandisi. Kuhesabu kama vimefuatwa ni kazi ya mwenye nyumba. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, mama, shika daftari, kalamu na futi, uhesabu kabla koleo la kwanza la zege halijaangushwa.