GitHub, LinkedIn na ajira ya msanidi programu Nairobi

Microsoft iliinunua LinkedIn mwaka 2016 kwa dola bilioni 26.2, na mwaka 2018 ikaichukua GitHub kwa dola bilioni 7.5. Vijana wanaohitimu Nairobi huambiwa kwamba bila akaunti hizo mbili hakuna ajira. Si kweli kwa wote.

Aliyefanya kazi miaka kadhaa benki au kwenye kampuni ya simu mara nyingi hana cha kuonyesha GitHub. Msimbo aliouandika ni mali ya mwajiri, na kuuanika hadharani kungemtia matatani. Huyu huajiriwa kwa kutajwa: mwenzake wa zamani kahamia kwingine, nafasi imetokea, jina lake linatolewa. Kumkataa kwa sababu ukurasa wake ni mtupu ni kumdhulumu.

Anayeuhitaji ukurasa ni asiye na wa kumtaja. Chukua mhitimu aliyeunganisha duka la mtandaoni na M-Pesa kupitia Daraja, mfumo ambao Safaricom iliwafungulia wasanidi mwaka 2017. Kupeleka ombi la malipo kwenye simu ya mteja si kazi kubwa. Mifano imejaa mtandaoni. Kazi iko baada ya hapo. Jibu la malipo hurudi baadaye, kwa njia yake, na laweza kuchelewa, kupotea au kufika mara mbili. Msaili anayeijua kazi hufungua faili moja tu: oda hii itahesabiwa mara mbili? Mteja aliyekatwa pesa mtandao ukiwa umepotea, duka litamjuaje? Mradi mmoja unaojibu maswali hayo unaishinda miradi ishirini iliyonakiliwa mafunzoni, hata vijisanduku vya kijani vinavyoonyesha siku za kazi kwenye GitHub vikijaa mwaka mzima.

LinkedIn ina uzito zaidi kwa wanaotafuta kazi za nje wakiwa nyumbani. Mtafuta wafanyakazi aliyeko Berlin hana anayemfahamu Ngong Road. Huandika lugha ya programu na jina la mji, kisha hupitia orodha inayotokea. Usipokuwemo, hakuoni.

Lakini tangu zana kama Copilot zianze kuandika msimbo, unadhifu wa faili peke yake hauthibitishi mkono wa nani. Ndiyo maana usaili mzuri siku hizi humtaka mwombaji afungue mradi wake mwenyewe, aeleze mstari kwa mstari kwa nini alichagua njia ile, kisha aubadilishe papo hapo.