Waliopotea Death Valley: Kabla ya Kumtafuta Muuaji, Piga Hesabu ya Maji

Gari la familia limekutwa katikati ya jangwa, matairi matatu hayana upepo. Hamna mtu ndani wala karibu nalo. Wewe ungeanza kumshuku nani?

Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 1996 huko Death Valley, California, Marekani. Askari wa hifadhi aliyekuwa angani kwa helikopta aliliona gari hilo kwenye korongo la Anvil Canyon, mahali ambapo gari la aina ile halina kawaida ya kufika. Lilikuwa la kukodi. Waliolikodi ni watalii wanne kutoka Ujerumani, watu wazima wawili na watoto wawili, waliotakiwa kurudi kwao mwishoni mwa Julai. Msako mkubwa ukafanyika, hawakuonekana. Basi dhana zikaanza: wameuawa, wametekwa, au wameamua kujificha waanze maisha mapya.

Sasa tuiweke kando habari ya muuaji, tuangalie mwili wa binadamu.

Ngozi yako ina joto la nyuzi kama 35 za Selsiasi. Hewa ikiwa na joto kuliko hapo, upepo haukupozi tena, unakuongezea joto. Kinachobaki kukuokoa ni jasho linapokauka. Death Valley ndiyo yenye rekodi rasmi ya joto la hewa duniani, nyuzi 56.7, iliyopimwa mwaka 1913, na Julai nyuzi 45 ni jambo la kawaida bondeni. Ukitembea kwenye joto la namna hiyo unaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa, pengine zaidi. Mtu wa kilo 70 akipoteza lita 7 bila kuzirudisha, amepoteza asilimia 10 ya uzito wake, na hapo hata kutembea kunamshinda. Kwa mtoto mambo huenda haraka zaidi, maana mwili wake ni mdogo na akiba yake ya maji ni ndogo. Hatari nyingine ni kwamba hewa kavu hukausha jasho papo hapo, kwa hiyo unajiona mkavu kumbe unakwisha.

Ila kama ni kiu tu iliyowaua, mbona hawakupatikana karibu na gari?

Jibu lilikuja mwaka 2009. Tom Mahood, mhandisi mstaafu na mwokoaji wa kujitolea, alijiuliza swali rahisi: kama ningekuwa wao, na ramani yao mkononi, ningeelekea wapi? Waokoaji wengi hudhani mtu atarudi alikotoka. Mahood aliona kwamba upande wa kusini ramani inaonyesha mpaka wa eneo la kijeshi la China Lake. Kwa mtu aliyetoka Ujerumani, alifikiri, mpaka wa jeshi maana yake uzio, doria na msaada. Kumbe pale pana jangwa tupu kama kwingine kote. Akaenda na mwenzake kutafuta upande huo, na kilomita kadhaa kusini mwa gari wakakuta mifupa ya watu wazima pamoja na vitambulisho vya mmoja wao. Ilikuwa imepita miaka 13.

Hoja hiyo haiwezi kuthibitishwa kwa asilimia mia, lakini ndiyo iliyowafikisha kwenye mifupa. Tena inawatendea haki marehemu. Inawezekana kabisa hawakuwa wapumbavu wala hawakuwindwa na mtu. Walifikiri vizuri, ila kwa kutumia mazoea ya nchi nyingine.

Halafu kuna jambo moja linalouma. Gari lilionekana karibu miezi mitatu baada ya wao kutoweka. Kwenye joto lile, muda wa kuokoa watu ulikuwa siku mbili tatu tu. Hakuna aliyejua wapo sehemu gani ya jangwa, wala aliyekuwa akiwasubiri jioni ile.

Kwa hiyo ukisafiri sehemu kame, mwachie mtu ujumbe: napita njia hii, nisipofika saa fulani anza kuuliza. Gari likikwama, kaa kivulini karibu nalo. Gari huonekana kutoka angani kuliko mtu anayetembea, na aliyetulia hupoteza maji polepole. Ukilazimika kutembea, ngoja jua lizame.

Kesi za namna hii hutufanya tutafute mtu mbaya. Mara nyingi anza na swali dogo zaidi: walikuwa na lita ngapi za maji?